Duka linauza kila siku ila hela haionekani: jinsi ya kutafuta inapovujia, hatua kwa hatua

Ndugu zangu wenye maduka, magenge na vibanda vya mawese na dagaa, leo naandika hii kitu kwa kirefu kwa sababu nimeona watu wengi hapa Kigoma wanafunga biashara wakati biashara yenyewe haijafa. Wateja wapo, mzigo unatoka, asubuhi mpaka usiku mtu yuko bize, ila siku ya kwenda kuchukua mzigo mwingine hela haitoshi na hajui imeenda wapi. Hapo ndo maneno yanaanza, mara duka limerogwa, mara mtaa umechoka, mara dada wa dukani ana mkono mrefu.

Mi duka langu lipo Mwanga hapa hapa Kigoma, nauza vyakula, sabuni, soda, mawese, dagaa kidogo na nina uwakala wa kutoa na kuweka hela kwenye simu. Kuna kipindi mawese yalikuwa yananitesa kweli. Dumu la lita 20 nilikuwa nanunua 68,000, nauza robo lita 1,000, kwa hiyo ukipiga hesabu dumu lina robo 80 maana yake 80,000 na faida 12,000. Kichwani hesabu imekaa vizuri kabisa. Ila kila dumu likiisha nikihesabu hela napata 72,000 au 71,500, sijawahi kuona 80,000 hata siku moja. Nikaanza kumwangalia vibaya binti anayenisaidia, nikawa namtega, nikaacha hela makusudi, nikawa namjibu kwa mkato, na nilikuwa nimeshapanga mwisho wa mwezi nimrudishe kwao Kasulu. Siku moja nikamuuliza kwa ukali, akaniambia, "Dada, mi sijachukua hata mia. Tupime mbele yako."

Tukapima. Tulikuwa tunapimia kichupa cha plastiki tulichokata juu, kila mtu anakiita robo na mi nilikikuta kinaitwa robo. Nikaazima kikombe cha vipimo cha shangazi yangu anayeoka keki, tukajaza maji kwenye kile kichupa mpaka mdomoni halafu tukamimina kwenye kikombe, ikawa mililita 270 badala ya 250. Mteja naye hakubali umpimie pungufu, lazima ujaze mpaka mdomoni. Halafu tukaacha dumu jipya litulie siku mbili, tukakuta chini kuna machicha na maji kama nusu lita hayauziki. Sasa piga hesabu na we: lita 20 toa nusu inabaki 19.5, gawa kwa mililita 270 unapata robo 72. Sabini na mbili, ile ile hela ambayo kila siku nilikuwa naiona. Katika faida ya 12,000 nilikuwa napata 4,000 tu, na nilikuwa nauza madumu sita kwa mwezi, kwa hiyo kila mwezi 48,000 ilikuwa inaenda na kile kichupa huku mi namchukia mtoto wa watu. Nilimwomba msamaha siku hiyo hiyo.

Toka hapo nikaamua sitafuti tena mwizi kabla sijapima. Hasara ya biashara ndogo hukai ukaiona kwenye droo ya hela, kwa sababu hela ya droo inaingia na kutoka mara mia kwa siku, unaiona kwenye bidhaa. Ukijua kilo ngapi zimeingia na ngapi zimetoka, pengo litajitokeza lenyewe. Nitaeleza ninavyofanya, na mfano wowote wa bei nitakaotoa hapa we badilisha uweke bei za kwako.

Hatua ya 1: funga duka nusu siku uhesabu kila kitu

Najua kufunga duka inauma, lakini chagua siku iliyolala, Jumapili asubuhi au usiku baada ya kufunga, mkiwa wawili, mmoja anahesabu mwingine anaandika, halafu mnabadilishana kwenye vile vitu vya hela nyingi. Usikadirie. Mfuko wa sukari uliofunguliwa usiandike "nusu mfuko", upime kwa mizani uandike kilo. Mawese yaliyobaki kwenye dumu yapime kwa lita. Pembeni ya kila kitu andika bei uliyonunulia, sio ya kuuzia, maana hapa unatafuta mtaji wako uko wapi.

Siku hiyo hiyo hesabu na hela: keshi ya droo, keshi ya uwakala, floti ya kila mtandao (yaani hela ya uwakala iliyoko kwenye simu), hela iliyoko benki kama ipo, madeni unayodai na madeni unayodaiwa, pamoja na mzigo uliochukua kwa mali kauli, yaani uliopewa kwanza ulipe ukishauza. Ukimaliza una picha moja ya biashara yako ilivyo leo. Wengi tunafika miaka mitano dukani hatujawahi kuwa na hiyo picha hata mara moja.

Hatua ya 2: chagua bidhaa saba, usikimbizane na zote

Duka lina vitu mia mbili, ukisema ufuatilie vyote utachoka siku ya tatu na daftari litaishia chini ya kaunta. Chukua zile zinazobeba hela yako nyingi na zile zinazopimwa au kumiminwa au kufunguliwa rejareja, kwa sababu kinachopimwa kwa mkono ndo kinavuja. Kwangu ni sukari, mchele, unga, maharage, mawese, mafuta ya alizeti na dagaa. Sabuni ya mche na kiberiti havipungui njiani, utavihesabu mwisho wa mwezi tu inatosha.

Hatua ya 3: daftari la wiki mbili

Usinunue daftari kubwa la kutisha, la kurasa 48 linatosha. Kila bidhaa ipe ukurasa wake, uchore sehemu nne: kilichoingia, kilichouzwa, kilichoenda nyumbani au kilichotolewa bure, na kilichoharibika. Kila ukiuza unapiga kijiti, robo moja kijiti kimoja, kilo unaandika vijiti vinne. Anayebaki dukani naye apige vijiti, na mweleze ni kwa nini, asije akadhani unamvizia. Binti wangu nilimwambia hivi, mdogo wangu hili daftari linakulinda na wewe, siku hesabu ikigoma tutajua tatizo liko wapi bila kuangaliana vibaya.

Na hela usichanganye. Hiki kitu kila mtu anakijua na hakuna anayekifanya. Hela ya duka kwenye droo, hela ya uwakala kwenye mkoba wake, hela yako ya mfukoni iwe mfukoni. Ukitoa hata mia tano ya maandazi ya watoto, andika.

Hatua ya 4: tafuta pengo

Baada ya wiki mbili hesabu tena zile bidhaa saba. Hesabu yenyewe ni nyepesi: ulichokuwa nacho mwanzo, jumlisha ulichonunua, toa kilichobaki leo, unapata kilichotoka. Linganisha na kilichoandikwa kimeuzwa pamoja na kilichoenda nyumbani na kilichoharibika.

Mfano wa sukari. Mwanzo nilikuwa na kilo 32, nikanunua mifuko miwili ya kilo 50, jumla 132. Leo zimebaki 41. Kwa hiyo zimetoka kilo 91. Daftari linasema nimeuza 86 na nyumbani zimeenda 2, jumla 88. Kilo 3 hazina maelezo. Kama nilinunua kilo kwa 2,700 hapo pengo ni 8,100 kwa wiki mbili, ni 16,200 kwa mwezi, na hiyo ni sukari peke yake. Fanya hivyo kwa zote saba, kila pengo uligeuze kuwa shilingi za mwezi, maana kilo 3 haziumi, 16,200 inauma.

Hatua ya 5: fuatilia pengo limetokea wapi

Hapa ndo penye kazi na ndo ntakaa sana.

Anza na vipimo, vyote. Mizani yako hukaguliwa na Wakala wa Vipimo kila mwaka na kugongwa alama, lakini katikati ya mwaka inaweza kuanguka, ikaingia vumbi, springi ikalegea, kwa hiyo jipimie mwenyewe kila wiki. Maji safi lita moja ni kilo moja, weka chombo kitupu kwenye mizani, soma, halafu tia maji lita moja kamili uliyopima kwa kikombe cha vipimo, tofauti iwe kilo moja. Isipokuwa hivyo mpelekee fundi anayetambulika, na usiendelee kuitumia hata kama kosa linakunufaisha wewe, maana mteja wa Ujiji akikushtukia mara moja anahamisha ukoo mzima.

Halafu angalia mkono wenyewe. Tukipima robo ya sukari tunapenda sindano ipite kidogo ili mteja afurahi. Mfuko wa kilo 50 una robo 200, ukizidisha gramu 10 tu kila robo umetoa kilo 2 bure. Sukari ya rejareja faida yake ni ndogo, kilo 2 zinaweza kuwa nusu ya faida ya mfuko mzima. Siku hizi jioni wateja wakipungua tunapima robo na nusu mapema kwa utulivu, tunafunga, asubuhi ni kuuza tu. Kifungashio nacho kina bei, kiingize kwenye hesabu ya mfuko.

Nyongeza sio dhambi, kwetu huku mtu akinunua maharage bila nyongeza anaona hujamjali. Ila nyongeza iwe na kipimo. Mi nina kijiko kimoja maalum, mtu akinunua kilo kuanzia moja anapata kijiko kimoja, na hicho kijiko nimekipima ni gramu 15 na nimeshakiweka kwenye bei.

Mawese yana mambo yake. La kwanza lile nililoeleza, machicha na maji chini. Ukifika sokoni Mwandiga au popote unaponunulia, usichukue dumu la juu juu, ingiza kijiti safi kirefu mpaka chini ukitoe uangalie, na ukiweza nunua kwa mtu ambaye ameyaacha yakatulia. La pili, angalia limejaa wapi, kuna anayeishia mabegani mwa dumu na anayefika shingoni, na wote wanakwambia lita 20. La tatu, kilo na lita sio kitu kimoja, lita moja ya mawese ina uzito kama gramu 900 na kidogo, kwa hiyo dumu la lita 20 lina kama kilo 18. Ukikubaliana bei kwa lita halafu ukauza kwa kilo, au ukanunua kwa kilo ukauza kwa lita, bila kujua hili hesabu yako yote imepinda. La nne, asubuhi za kipupwe Juni na Julai yanaganda na kung'ang'ania ndani, kwa hiyo dumu "tupu" liweke juani, likipata moto ulipindue juu ya ndoo safi mpaka liishe kutona. Dumu moja utapata kidogo, madumu sita utashangaa.

Dagaa nao. Dagaa waliokaushwa chini mchangani wanakuja na mchanga, na ule mchanga unapimwa kwenye mizani kwa bei ya dagaa. Kabla hujachukua mzigo mwaloni, yaani ufukweni samaki wanaposhushwa, iwe Kibirizi au Katonga, omba kilo moja, pepeta kwenye ungo, upime tena. Ikibaki gramu 940 basi kwenye kila kilo 100 unanunua kilo 6 za mchanga, na waliokaushwa kwenye chanja hata wakizidi bei kidogo wanaweza kuwa rahisi kwako. Pia washike mkononi, dagaa ambaye hajakauka vizuri anapinda badala ya kuvunjika, huyo atakauka dukani kwako na uzito utapungua ukiwa wewe ndo mwenye mali. Usimwache kwenye gunia chini ya sakafu yenye unyevu, akipata ukungu umekwisha.

Ukitoka kwenye vipimo nenda kwenye bei. Hapa kuna hasara ambayo kwenye daftari inaonekana kama faida, ndo maana ni mbaya. Tunahesabu bei ya kununulia tu, gharama za kufikisha mzigo tunaziacha barabarani. Chukulia umeenda kununua katoni 10 za sabuni kwa 30,000 kila moja, ndani miche 24. Unasema mche umenifikia 1,250, nauza 1,400, faida 150. Sasa nauli yako kwenda na kurudi 4,000, guta 6,000, kuli 3,000, makato ya kutuma hela 5,000, jumla 18,000, kila katoni imebeba 1,800. Katoni imekufikia 31,800 na mche ni 1,325. Faida yako ni 75, nusu ya ile uliyokuwa unajisifia. Na vitu vingi vya viwandani vinatoka Dar es Salaam, ni zaidi ya kilometa elfu moja kwa reli au kwa gari, kwa hiyo kila mkono uliobeba umeongeza kitu na mkono wa mwisho ni wako.

Bei nyingine ya kuangalia ni ya kununulia tena. Dagaa wa hapa wanavuliwa usiku kwa taa, mbalamwezi ikiwaka hawakusanyiki vizuri kwenye taa, mzigo unapungua mwaloni na bei inapanda, giza likirudi inashuka. Ukinunua sado (ile ndoo ndogo ya kupimia) kwa 10,000 wakati wa giza ukauza 12,000 unaona faida 2,000, lakini kama siku unayorudi mwaloni sado imefika 13,000 ile hela yako hainunui sado moja tena, mtaji umepungua na wewe unasherehekea. Kwa hiyo kabla ya kupanga bei ya leo mpigie mtu wa mwaloni umuulize ya leo, sio ya wiki iliyopita. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kuvua kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti ndo nililielewa hili kabisa, walioendelea kuuza akiba yao kwa bei ya zamani walimaliza mzigo wakabaki na hela isiyoweza kuurudisha.

Madeni. Nitasema wazi, deni la mteja sio mauzo mpaka alipe. Kama faida yako ni 1,000 kwenye kila mauzo ya 10,000 na mtu akala deni la 10,000 akahama mtaa, umepoteza mzigo wa 9,000, na ili uirudishe hiyo 9,000 unatakiwa uuze bidhaa za 90,000 kwa watu wengine bila kupata chochote. Andika kila deni na tarehe, siku saba ukumbushe kwa heshima, siku kumi na nne usiongeze deni juu ya deni. Na uweke kiwango cha duka zima, mi madeni yote kwa pamoja hayavuki 100,000, yakifika hapo hata jirani yangu namwambia mama naomba tumalizane kwanza la nyuma. Wanakasirika siku mbili wanarudi. Kuna waliozoea kulipa kidogo kidogo na kuchukua zaidi ya wanacholipa, hao unawaona wanalipa kila wiki na deni halishuki, waangalie kwenye daftari sio usoni.

Nyumbani. Hapa wengi tunakula mtaji bila kujua. Unga wa jioni, sukari ya chai, sabuni, soda ya mgeni, shemeji kapita kachukua mafuta. Hakuna ubaya kula kutoka dukani kwako, ubaya ni kutoandika. Mwezi wa kwanza kuandika nilikuta nyumbani kwangu kumeenda bidhaa za 137,000 kwa bei ya kununulia, na mi nilikuwa najua labda 40,000. Dawa yake jipangie mshahara, hata mdogo, halafu unachochukua kinakatwa humo. Ukikuta duka haliwezi kulipa mshahara wako na chakula chako, ni heri ulijue leo.

Uwakala una hesabu yake moja ya kila jioni: keshi ya uwakala jumlisha floti za mitandao yote lazima iwe ile ile uliyoanza nayo. Kama ulianza na 800,000 basi jioni iwe 800,000, iwe imekaa kwenye simu au mkononi. Ikipungua ama kuna aliyekosewa namba, ama umechukua ya mzigo ukasahau, ama kuna noti bandia imeingia. Kamisheni ihesabu mbali kabisa. Na angalia makato ya kwako mwenyewe, hela ya wateja wanaolipa kwa simu ukiitoa kidogo kidogo kila siku makato yanakula, fuatilia viwango vya mtandao wako uone kama kuitoa mara moja kwa wiki, au kumlipa muuzaji wa jumla moja kwa moja kwa simu, kunapunguza.

Friji la soda wengi hawaligusi kwenye hesabu. Soma namba ya uniti kwenye LUKU usiku unapofunga, taa zote zimezimwa limebaki friji tu, soma tena asubuhi, utajua linakula ngapi kwa saa. Likila uniti 4 kwa siku ni 120 kwa mwezi, zidisha na bei ya uniti unayonunua wewe halafu linganisha na faida ya soda na maji kwa mwezi mzima. Mpira wa mlango ujaribu kwa noti, fungia noti mlangoni uivute, ikitoka kirahisi mpira umechoka na baridi linatoka muda wote. Barafu ikijaa ukutani igandue. Kama bado halilipi, lizime miezi ya baridi au ulihamishie kazi ya kugandisha barafu za kuuza.

Vilivyolala dukani havihitaji maneno mengi, kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka, cha zamani kiweke mbele, na kitu kilichokaa miezi mitatu kiuze hata kwa bei ya kununulia ili hela itembee. Chenji vilevile, ile 50 na 100 unayosamehe kwa sababu huna chenji iandike wiki moja uone, halafu tafuta mwenye bajaji mbadilishane sarafu kila jioni.

Mkopo. Kuna ile mikopo ya haraka watu wanaita kausha damu. Nisikilize vizuri. Umekopa 500,000 unarudisha 650,000 kwa mwezi. Ukizungusha ile laki tano mara mbili kwa mwezi na kila mzunguko upate faida ya asilimia 10, umetengeneza 100,000. Riba ni 150,000. Duka limejaa, watu wanakupongeza, na kila mwezi unapungukiwa 50,000 kutoka kwenye mtaji wako wa zamani. Kabla ya kukopa popote, hata kwenye kikoba, linganisha riba na faida halisi ya mwezi, ile uliyoipata baada ya kutoa gharama zote hapo juu. Kama una mkopo wa hivi sasa hivi, huo ndo wa kwanza kuumaliza hata kwa kuuza mzigo uliolala kwa hasara.

Wizi nauweka mwisho makusudi. Ukishapima vyote, ukaandika vyote, na pengo bado lipo kwenye bidhaa ile ile, sasa angalia watu. Hesabu bidhaa hizo mbili tatu kila siku, mwanzo wa zamu na mwisho, wote mkiwepo na wote mkitia saini. Pengo likitokea siku fulani tu za mtu fulani, mara tatu nne, una cha kuzungumza naye, na uzungumze naye pembeni ukiwa na karatasi mkononi. Usikate mshahara kwa kubahatisha. Na wizi sio wa wafanyakazi tu, kuna mtu wa jumla anakuletea katoni iliyopungua pakiti mbili na mifuko ya mchele ya kilo 48, mzigo upimwe na kuhesabiwa kabla guta halijaondoka.

Hatua ya 6: panga mapengo kwa ukubwa, ziba mawili tu

Andika yote kwenye karatasi moja kwa shilingi za mwezi, kubwa juu. Ya kwangu ilianza hivi: nyumbani 137,000, mawese 48,000, gharama za kufikisha mzigo ambazo sikuzipandisha kwenye bei 36,000, sukari na mchele kuzidisha kipimo 29,000, madeni mabaya 20,000, chenji 6,000. Ukitaka kuziba zote kwa pamoja utagombana na mume, wateja, mfanyakazi na wewe mwenyewe ndani ya wiki moja. Mi nilianza na nyumbani na mawese. Nyumbani nikajipangia 90,000 kwa mwezi na haivuki. Mawese nikanunua kipimo halisi cha robo, nikabadilisha ninaponunulia, na kwa kuwa wateja walishazoea kichupa kikubwa niliwaeleza kabisa kuwa kile cha mwanzo kilikuwa kimezidi, kuna walionung'unika, wawili walihama, mmoja karudi.

Kwenye bei usipandishe kila kitu siku moja. Pandisha vile ambavyo mtu hafananishi duka kwa duka, sukari na unga viache vikaribiane na majirani.

Hatua ya 7: rudia kila mwezi, tarehe ile ile

Kila tarehe 1 usiku nahesabu duka zima, na zile bidhaa saba kila wiki mbili. Inachukua masaa matatu sasa, mwanzo ilikuwa sita. Faida nyingine ya daftari ni siku ya makadirio ya kodi, kwa wafanyabiashara wadogo mwenye kumbukumbu na asiye nazo hawatozwi kwa mtindo mmoja, na ukienda ofisini una karatasi za kuongea nazo badala ya kuapa.

Ukikuta mwezi wa kwanza pengo limepungua kidogo tu usikate tamaa, mapengo mengine yanaonekana mwezi wa tatu kwa sababu ndo mzigo wote wa zamani unakuwa umeisha. Mi mwezi wa kwanza nilibakiza 61,000 ambayo zamani sikuwa naiona. Nikamwongezea binti 15,000 kwenye mshahara, iliyobaki nikaichangia kwenye hela ya kununua dumu moja zaidi la mawese, tukalipindua wote wawili juani lilipoisha, na vijiti kwenye daftari vikawa 77.